Mbona bibi anafutika?

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza na swali la mwanangu wa mwisho. Alisimama sebuleni, akatazama ukutani, akauliza: "Mama, mbona bibi anafutika?"

Mama yangu alifariki kabla mtoto huyu hajazaliwa. Anamjua kwa picha ile tu. Tuliikuza miaka minne iliyopita kutoka picha ndogo ya albamu, tukaitia fremu na kuitundika mkabala na dirisha. Karatasi niliichagua kwa macho: iliyong'aa kuliko zote na nyeupe kuliko zote. Sikuuliza hata swali moja. Sasa rangi imepauka, na kona moja imegandana na kioo, haibanduki.

Bahati nzuri picha ndogo bado tunayo, kwa hiyo tumeichapisha upya. Safari hii niliuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Karatasi zinazong'aa tunazopewa mara nyingi studio ni karatasi iliyovishwa plastiki pande zote mbili. Si mbaya. Kwa picha ya mahafali ya chekechea, au ya bethidei utakayoibadilisha mwakani, inatosha na bei yake ni nafuu. Lakini kwa picha unayotaka wajukuu waikute, ulizia karatasi ya sanaa isiyo na asidi, iliyotengenezwa kwa pamba au kwa nyuzi za mti zilizosafishwa vizuri. Nyingi ni nzito, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, wakati karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Ukiishika utadhani ni kadi ya harusi.

Usidanganywe na weupe. Karatasi nyingi hutiwa kemikali za kung'arisha, za jamii ile ile iliyomo kwenye sabuni za unga za kufulia. Kemikali hizo huchoka kadiri mwanga unavyozipiga, na karatasi inaanza kuonekana ya manjano. Kuna njia rahisi ya kupima: omba kipande, kipeleke dukani penye taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Kikiwaka bluu kama karatasi ya fotokopi, kemikali zimo. Hata baadhi ya karatasi za pamba hutiwa, kwa hiyo pima. Isiyotiwa haiwaki, na weupe wake ni wa maziwa.

Uliza pia wino. Wino wenye chembechembe za rangi, ambao mafundi huuita pigimenti, huhimili mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Karatasi ya bei kubwa ukiipigia wino hafifu, umetupa pesa.

Karatasi ya pamba isiyong'aa ina upungufu wake: weusi hautoki mzito kama kwenye karatasi inayong'aa. Kwa ngozi zetu hili ni jambo kubwa, maana mashavu na kivuli cha kilemba vinaweza kuwa doa moja. Kabla ya kulipia picha nzima, omba wakuchapie uso peke yake kwenye kipande cha karatasi ile ile. Kitazame nje, mchana. Kama uso umezama, fundi aongeze mwanga kidogo kwenye kompyuta, kisha ajaribu tena.

Usitume picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu huminywa na kupoteza ubora. Itume kama faili, au nenda na flashi. Kama ni ya albamu, iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa hivyo inaweza kukuzwa hadi A2, yaani sentimita 42 kwa 59, na ikapendeza ukitazama kutoka kwenye kochi.

Ikishachapwa, iache ikauke siku nzima kabla ya kuingia kwenye fremu. Usiiguse usoni, inachubuka upesi. Mwambie fundi wa fremu aweke kadibodi ya pembezoni ili picha isigusane na kioo. Kwa unyevu wetu wa pwani, picha ikigusa kioo hunasa. Halafu itundike mbali na jua.

Gharama ni kubwa, sifichi. Ndiyo maana tumechapa moja tu kwa karatasi ya pamba. Nyingine zote za nyumbani zimebaki za kawaida. Na ile ndogo ya albamu imerudi kabatini, ndani ya bahasha kavu. Usiitupe ya kwako hata kama kubwa imetoka vizuri.

Jumamosi tuliitundika ukuta wa pembeni. Mtoto aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe bibi ana mwanya."

Ndiyo mwanangu, anao. Na wewe umeupata kwake.