Zima Uwashe, Zima Uwashe

Wiki tatu nimezima ruta na kuiwasha. Nalipia Mbps 200, nikipima napata 94. Nikipiga simu kwa kampuni: "Zima, ungoje dakika moja, uwashe." Ati labda ni laptopu yako. Ati mko wengi kwa nyumba. Niko peke yangu, bana!

Hiyo 94 ilitosha kuwaambia. Kebo ya mtandao ina waya 8 ndani, jozi 4. Kasi ya 1000 inazitaka zote; ya 100 inatosheka na 4. Waya mmoja ukikatika, vifaa vinaweza kushuka kimyakimya hadi 100, na taa ikaendelea kuwaka. Niliazima kebo ya jirani: 190, papo hapo.

Nikaikata ile waliyonifungia, nikakwangua waya kwa wembe. Juu shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa rangi ya heshima!

Sikatai, kuzima na kuwasha husaidia. Lakini kumrudishia mteja jibu hilo wiki tatu ni kumfanya fala ili fundi asitoke ofisini. Nataka pesa zangu za hizo wiki. Na fundi akija, aje na kifaa cha kupima kebo, si ngazi na pole.