Usifute kerneli inayokuwashia mashine

Wasee, kuna ushauri mmoja unanikera sana: eti ukishaunda kerneli yako ya Linux, futa ile ya zamani uokoe nafasi. Nafasi gani? Kerneli moja na moduli zake ni MB mia kadhaa tu. Na hiyo laptopu yako ya mtumba ndiyo inakulipia nyumba. Isipowaka asubuhi, mteja hataki hadithi za kerneli.

Sisemi usiunde. Unda! Kerneli ndiyo inayoongea na prosesa, memori, diski na Wi-Fi. Linus Torvalds alitangaza Linux 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote hadi leo. Mimi niliacha chuo, lakini kupitia menyu ya make menuconfig, chaguo moja baada ya lingine, kumenifunza kompyuta kuliko noti zote nilizokariri.

Ila fanya kwa akili. Amri ya make localmodconfig inabakisha moduli zinazotumika saa hiyo pekee. Kama modemu yako haijachomekwa, draiva yake inaachwa nje, na utajua siku unahitaji intaneti. Chomeka kila kitu kwanza: modemu, printa, kamera.

Kisha ipe kerneli yako jina lake kupitia CONFIG_LOCALVERSION, isije ikachanganyika na nyingine. Ukiwa Debian au Ubuntu, make bindeb-pkg inakutolea pakiti, na siku ya kuiondoa apt inafagia yenyewe. Ukiweka kwa make install, kufagia ni juu yako: faili zake ndani ya /boot, folda yake ndani ya /lib/modules, halafu update-grub. Kabla ya kufuta chochote, andika uname -r. Itakayotajwa hapo ndiyo imekubeba sasa hivi. Usiiguse.

Sawa, kuna watu /boot yao ni ndogo na imejaa kweli. Hao wafute zile za katikati, wabaki na mbili: mpya, na moja wanayojua inawaka.

Hiyo mpya ipe wiki nzima ya kazi. Jaribu sauti, Wi-Fi, kulaza mashine na kuiamsha. Ya zamani ikae tu kwenye menyu ya GRUB, haikuli chakula. Anayekuambia uifute hatakuwa nawe saa nane usiku skrini ikiwa nyeusi na kazi ya mteja iko ndani.