Wapagazi Nao Walikufa

Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita nyanda hizi, likashambulia kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma. Vita hivyo havikuwa vyetu. Lakini mizigo ya mabeberu wa pande zote mbili ilibebwa na Waafrika, nao walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Makaburi yao yako wapi?

Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 ilijigamba kwamba jiwe la ofisa na la askari wa kawaida lingekuwa moja. Usawa huo haukumfikia mpagazi. (Jina Kariakoo, tunalolitaja kila siku, latokana na kikosi chake.) Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri ubaguzi huo.

Taifa huru lilitenda vingine: mashujaa wa vita vya Kagera, 1978-79, wamelazwa kwa heshima Kaboya, Muleba.

Walimu wa Momba na Mbozi hawana budi kukusanya majina ya wapagazi kwa wazee, kabla wajukuu nao hawajatutoka. Halmashauri nayo itenge kiwanja cha mnara, si kichakani, bali Tunduma penyewe, kando ya barabara yapitapo malori.