Kimya cha Mtoto Baada ya Fimbo

Msimu wa kahawa ukifika Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nyua hufunikwa na maturubai na majamvi, na kazi ya kuilinda kahawa iliyoanikwa mara nyingi huwaangukia watoto. Mbuzi akiikanyaga, anayeulizwa ni yule aliyeachwa nyumbani, hata akiwa na miaka minne. Hupigwa kofi au huchapwa kijiti, hulia, huambiwa anyamaze, hunyamaza. Mzazi hurudi kwenye kibanja chake akiamini kwamba mtoto ameelewa.

Toleo hili linaipinga imani hiyo. Mtoto mdogo akinyamaza ghafla baada ya kuchapwa, kwanza kabisa ameogopa. Anajua mama amekasirika na anajua mwili unauma. Kwamba mbuzi angefukuzwa mapema, na kwamba kahawa ile ndiyo sare ya shule ya dada yake, hayo hayajui mpaka akae na mtu wa kumweleza. Na aliyejaa hofu hasikii maelezo vizuri, awe mkubwa au mdogo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ambayo haijaifuta fimbo nyumbani, ilikwishaligusa jambo hili. Kifungu cha 13 hakihalalishi adabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake, wala adabu anayopewa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi lake. Ni kipimo kizito kuliko kinavyosomwa kwa kawaida. Mzazi anayekifuata kwa uaminifu atakuta kwamba kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu fimbo karibu haina pa kusimamia.

Hoja inayosikika mara nyingi vijijini ni kwamba watu wote wamelelewa hivyo, na aliyechapwa kama wenzake haoni kuwa ameonewa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na wapo waliokwenda kuichunguza. Mwaka 2005 mtafiti Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama 336 na watoto wao katika nchi sita: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Walikuta kweli kwamba mahali ambapo kuchapa ni jambo la kawaida, uhusiano kati ya kipigo na wasiwasi au ugomvi wa mtoto ni hafifu zaidi. Ila haukutoweka. Hata pale ambapo kila mtoto huchapwa, waliochapwa zaidi walionekana kuwa na wasiwasi na ugomvi zaidi. Mazoea hupunguza uchungu wa kuona umeonewa peke yako, lakini hofu yenyewe hayaiondoi.

Tanzania nako hali ni hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Baadaye mtafiti Tobias Hecker na wenzake walizungumza na wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini. Ukali wa adabu ulikwenda pamoja na ugomvi, na pia na huzuni na hofu za ndani. Na hizo nazo ziliambatana na kufanya vibaya darasani. Huyo ndiye mtoto ambaye mwalimu humwita mzito, kumbe akili yake inamchunga mtu aliyeshika fimbo.

Jambo gumu zaidi hutokea dakika chache baada ya kipigo. Mtoto aliyechapwa na mama hukimbilia wapi? Kwa mama huyohuyo. Mwaka 1954 na 1955, ng'ambo ya mpaka katika vijiji vya Buganda, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia watoto wachanga na mama zao, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1967 kilisaidia kuionyesha dunia jinsi mtoto anavyomtumia mama kama mahali pa kuondokea kwenda kucheza na pa kurudia akitishika. Wanasaikolojia waliomfuata, akiwamo Mary Main, waliona kinachotokea anayeogopwa anapokuwa ndiye kimbilio: mtoto husogea na kurudi nyuma, huganda, hukosa la kufanya. Wazazi wengi wamewahi kukiona kitendo hicho mlangoni wakakiita kiburi.

Watoto hawafanani. Mwanasaikolojia Grazyna Kochanska aliyewachunguza wadogo kwa miaka mingi alikuta kwamba mtoto mwoga hujifunza zaidi akionywa kwa upole, na yule asiyetishika hujifunza kwa sababu anapendana na mama yake. Kwa wote wawili, ukali hauongezi kitu.

Karagwe na Kyerwa zina sababu ya ziada ya kulitazama hili. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na tangu hapo bibi wengi wamelea wajukuu waliofiwa na wazazi. Mtoto aliyekwisha kuhamishwa nyumba huchapwa huku akijiuliza kama bado anatakiwa hapo. Bibi aliyechoka, mwenye wajukuu wengi na shamba moja, si mkatili, naye anastahili msaada kabla ya lawama.

Mwaka 2018 mkoa huu uliomboleza mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba aliyekufa baada ya kuchapwa kwa tuhuma ya wizi, na Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu wake kunyongwa. Msiba wa namna hiyo huamsha nchi nzima. Makala zinazofuata zinahusu makofi ya kila siku, ambayo hayaandikwi popote.

Mahali pa kuanzia papo. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto hadi miaka minane. Akina mama tayari hupeleka watoto kliniki kupimwa uzito, iwe hospitali ya Nyakahanga, iwe Isingiro, iwe zahanati ya kijiji. Mhudumu akishajaza kadi angeweza kuongeza swali moja na kusikiliza jibu lake bila haraka: huyu akikosea nyumbani mnamfanyaje, na baada ya hapo yeye huwa anafanya nini?