Masharti Yafunge Pande Zote Mbili

Ndugu wanachama,

Siku hizi vijana wetu wa Naro Moru, Nanyuki, Karatina na Nyeri wanajifunza kuandika programu za kompyuta. Wengine ni watoto wa wafanyakazi wa reli. Huambiwa ya kwamba njia moja ya kupata ujuzi na kujulikana ni kuchangia kazi yao katika programu huria. Wazazi wanauliza: ni kazi gani hii isiyo na mshahara? Na vijana wenyewe wananung'unika ya kwamba kazi yao hurudishwa kwa sababu ya masharti mengi. Mambo haya mawili yanakihusu chama. Popote penye kazi pana masharti, na penye masharti mfanyakazi ni lazima ayasome kabla hajashika chombo.

Kwanza tuelewane. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. Programu huria ni ile ambayo maagizo yake yamewekwa wazi. Kila mtu aweza kuyasoma, kuyatumia, kuyatengeneza na kuwapa wengine, mradi afuate leseni yake. Mtu akiona kosa hupeleka masahihisho kwa watunzaji. Wakiridhika, huyaingiza katika programu. Utaratibu wa kufanya hivyo huandikwa, nao ndio masharti ya kuchangia.

Mfano wake uko hapa kwetu Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa UKIMWI waliotibiwa huko Eldoret walipozidi, ikahitajika programu kubwa zaidi. Mwaka 2004 ikaanzishwa programu huria iitwayo OpenMRS, na Februari 2006 ikaanza kazi Eldoret. Baadaye ilienea katika nchi nyingi. Programu ya KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya serikali, imejengwa juu yake. Basi tusiseme ni mchezo wa watoto. Maagizo yakikosewa, dawa za mgonjwa mmoja zaweza kuandikwa kwa jina la mwingine.

Wenye OpenMRS wanamtaka mchangiaji afanye nini? Achague kazi iliyoandikwa katika orodha ya kazi, na aonyeshe ya kwamba ameichukua yeye, ili watu wawili wasirudie jambo moja. Afanye kazi hiyo peke yake, asichanganye na nyingine. Aitaje namba yake anapoipeleka. Aandike kwa mtindo wa wenzake. Aandike na majaribio ya kuonyesha ya kwamba kazi inakwenda sawa na haikuharibu ya zamani. Halafu mtu mwingine aikague kabla haijaingizwa.

Kijana akisoma haya huona anasumbuliwa. Lakini sisi watu wa reli tunayajua. Hakuna genge linalong'oa taruma njiani bila nyapara kujua, bila bendera nyekundu kuwekwa mbele na nyuma, na bila njia kukaguliwa kabla treni haijaruhusiwa. Mtu aweza kuwa fundi hodari, lakini hawezi kujikagulia mwenyewe. Tena reli yetu ya zamani inayopita hapa Naro Moru ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, na ile mpya ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1435. Behewa la hii haliwezi kupita juu ya ile, hata liwe zuri namna gani. Ndiyo maana ya kuandika kwa mtindo wa wenzako: kazi nzuri isiyolingana na njia haipiti.

Basi kwa upande huo nawaambia vijana: someni masharti kwanza. Msipeleke kazi ya kurasa nyingi siku ya kwanza. Anzeni na kosa dogo, au maelezo yasiyoeleweka. Mkirudishiwa kazi, msione mmetukanwa. Ulizeni sababu, tengenezeni, pelekeni tena.

Lakini sasa naugeukia upande wa pili, ambao hausemwi sana. Masharti yanayomfunga mchangiaji peke yake ni amri tu, si mapatano. Kijana mmoja ninayemfahamu alipeleka masahihisho yake mahali fulani ambapo sipataji. Alifuata kila neno. Akangoja miezi 5 bila jibu, halafu kazi ikafungwa bila kuambiwa sababu. Alikuwa akinunua bando kwa fedha za vibarua. Mtu kama huyo akikata tamaa, tusimlaumu uvivu. Anayewaalika watu kazini naye ana wajibu: aseme nani atakagua, baada ya siku ngapi, na kazi ikikataliwa aandike sababu. Tena amkemee mkaguzi anayemdharau mgeni kwa Kiingereza chake au kwa nchi anayotoka. Miradi mingi leo ina kanuni za mwenendo kwa ajili hiyo, na ni jambo jema, ikiwa zinamfunga mkubwa kama zinavyomfunga mdogo.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kwa chama: kazi ikiisha kuingizwa, ni ya nani? Hapa masharti hayafanani. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, tangu mwaka 2004 mchangiaji huweka jina lake chini ya kazi kushuhudia ya kwamba ana haki ya kuitoa kwa leseni ile. Basi, hatoi zaidi ya hapo. Lakini kampuni nyingine humtaka atie sahihi mkataba unaoipa kampuni uwezo mkubwa juu ya kazi yake. Mwezi wa Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ya Marekani, iliyokuwa na mkataba wa namna hiyo, ilibadili leseni ya programu zake, ikiwamo Terraform, na matoleo mapya hayakuwa huria tena. Watu wa nje waliochangia miaka mingi hawakuwa na la kuzuia, maana sahihi zao zilikwisha tiwa.

Hata hivyo tuone walivyojitetea wengine. Leseni ya kwanza ilikuwa ya haki, na toleo la zamani lilibaki mikononi mwa watu wote. Wakalichukua, wakaungana, na mwaka huo huo wakaanzisha programu yao, OpenTofu, chini ya shirika la Linux Foundation. Sisi wa chama tunaielewa nguvu hiyo. Mtu mmoja akiondoka na spana yake hapatikani badiliko. Wengi wakiondoka pamoja, na njia wanaijua, treni yao itakwenda.

Wako wanachama wasemao ya kwamba kutoa kazi bure ni upunda. Nasema inategemea. Kazi inayorudi katika zahanati ya mama yako, na ambayo hakuna awezaye kuifungia uani kwake, hiyo ni harambee. Kazi unayompa tajiri aifunge kesho akuuzie, hiyo ni kibarua bila ujira. Kitu kinachotenga moja na nyingine ni maandishi ya leseni na ya masharti, wala si maneno matamu ya mkutanoni.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila tawi lenye wanachama ambao watoto wao wamo katika kazi hii liwakusanye jioni moja, masharti ya mradi wanaotaka kuuchangia yasomwe kwa sauti na kuelezwa kwa Kiswahili. Maswali yawe matatu. Ninatakiwa kufanya nini? Wao wanaahidi kunifanyia nini? Kazi yangu itakuwa ya nani? Mradi ukijibu yote matatu waziwazi, kijana aende, na afanye kazi kwa adabu. Ukijibu la kwanza tu na kunyamaza kwa mengine mawili, autafute mwingine. Iko mingi.

Tulijifunza zamani kutotia kidole gumba katika karatasi tusiyoisoma. Watoto wetu wamejua kusoma kuliko sisi. Basi wasome hadi chini.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli,
Naro Moru.