Orodha Nyeusi za Barua Pepe: Ulinzi Usiokosa Haki

Mwaka 2006, mahakama ya shirikisho ya Illinois, Marekani, iliiamuru Spamhaus ilipe kampuni ya e360 Insight dola milioni 11.7 kwa kuiorodhesha kuwa mtumaji wa barua taka. Spamhaus, taasisi inayotunza orodha nyeusi, iliyoanzishwa London mwaka 1998, ilikuwa imejitoa katika kesi. Rufaa zikafuatana, na mwaka 2011 fidia ikashuka hadi dola 3. Hata hivyo, swali la msingi bado lipo: nani aliwapa watu binafsi mamlaka ya kuamua barua ya nani ipite?

Jibu limo katika utendaji wa orodha zenyewe. Seva inapopokea barua, huuliza kupitia mfumo wa majina ya intaneti (DNS) kama anwani ya IP ya mtumaji imeorodheshwa. Mwenye orodha hutoa taarifa tu. Anayeifunga njia ni mwenye seva inayopokea. Kila mtu ana haki ya kuchagua anayemfungulia mlango, na bila orodha hizi, zilizoanza na kazi ya Paul Vixie mwaka 1997, visanduku vyetu vingezama katika utapeli.

Lakini haki hiyo haifuti wajibu. Ofisi ndogo hukodi nafasi kwenye seva inayotumiwa na wengi. Mpangaji mmoja akiibiwa nenosiri, anwani ya pamoja huchafuka, na ankara za wasio na hatia hurudishwa. Orodha ya UCEPROTECT huenda mbali zaidi: ngazi yake ya tatu huorodhesha mtandao mzima wa mtoa huduma, kisha hutoza fedha kwa anayetaka kuondolewa haraka. Hapo ndipo ulinzi unapogeuka biashara ya hofu. Mwongozo wa wataalamu wa intaneti, RFC 6471 wa mwaka 2012, unashauri kutotoza ada wala kudai michango kwa ajili ya kuondolewa, na ndivyo inavyopasa. Spamhaus haitozi kitu kwa kuondolewa.

Aliyeorodheshwa naye ana kazi yake. Asome kwanza ujumbe wa kurudishwa kwa barua, kwani mara nyingi hutaja orodha husika. Kisha atafute chanzo: kompyuta yenye virusi, nenosiri lililoibwa, fomu ya tovuti isiyolindwa, au anwani zilizonunuliwa. Akishakirekebisha, ndipo aombe kuondolewa. Orodha ya SpamCop huondoa anwani yenyewe malalamiko yakikoma kwa takriban siku moja. Kwa orodha ya SBL ya Spamhaus, anayepaswa kuomba ni mtoa huduma wa intaneti. Anayeomba kabla ya kusafisha hurudi orodhani, na safari ya pili huwa ngumu zaidi. Rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha mtumaji, zisisahauliwe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinazidai kwa wanaotuma barua kwa wingi.

Kwa hiyo, orodha hizi zibaki, ila zipimwe kwa mambo matatu: zitoe sababu, ziwe na njia ya bure ya kuondoka, na zisiwaadhibu majirani wa mkosaji. Wasimamizi wa seva, msitumie orodha isiyotimiza hayo, maana barua mnayoikataa inaweza kuwa ya mgonjwa kwa daktari wake. Nawe uliyeorodheshwa, safisha kwanza, omba baadaye, wala usilipe hata senti moja.