Saa ya Mtetezi wa Mlipa Umeme

Kampuni ya umeme inapoomba kupandisha bei, huja mbele ya wasimamizi na jeshi zima la wanasheria, wahandisi na wahasibu. Ujira wa jeshi hilo huingizwa katika gharama za kampuni, na gharama hizo humfikia mwananchi katika ankara yake. Yaani mlipa umeme ndiye amgharimiaye wakili wa upande wa pili. Wakili wake mwenyewe atagharimiwa na nani?

Jimbo la California, katika ngome yenyewe ya ubepari, limelijibu swali hili kwa namna inayostahili kuangaliwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba Tume ya Huduma za Umma haikuwa na mamlaka ya kuwalipa watetezi wa wananchi katika mashauri ya kupanga bei. Mwaka 1984 Bunge la jimbo likatunga sheria. Tangu hapo, kikundi kinachothibitisha kuwa hakina uwezo wa kubeba gharama hizo bila taabu kubwa, na kwamba hoja zake zimechangia kwa kiasi kikubwa uamuzi wa Tume, hulipwa kwa saa. Kampuni hulipa, kisha hujirudishia kutoka kwa wateja.

Kiasi gani kwa saa? Sheria yasema kiwango kizingatie malipo ya soko kwa watu wenye ujuzi na uzoefu unaolingana, na kisizidi kile ambacho Tume au kampuni hulipa, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Wako watakaoguna: mtetezi wa makabwela alipwe sawa na wakili wa kampuni? Naam, alipwe. Kujitolea ni sifa njema, lakini shauri la bei huchukua miezi mingi, na hesabu za uchakavu wa mitambo hazichambuliwi kwa moyo mwema peke yake. Mpangie mtetezi theluthi ya malipo hayo, utampata kijana aliyehitimu jana. Akikomaa, kampuni itamchukua. Walimu wasomao ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Desemba 2020 Tume ilipitisha viwango vipya kutokana na uchunguzi wa soko, vikaanza kutumika Januari 2021. Hata hivyo, kiwango kizuri kinachochelewa hakimsaidii mnyonge. Malipo huja baada ya uamuzi. Sheria yaipa Tume siku 75 kuamua madai, lakini mwaka 2013 Mkaguzi wa jimbo alibaini kuwa muda huo ulikuwa ukipitwa mara kwa mara. Kikundi chenye akiba husubiri. Kichanga hufunga ofisi. Tena, jedwali linalopima elimu na miaka ya kazi halina namna nyepesi ya kumthamini mama ajuaye, kwa kuishi tu, umeme unapokatika mtaani kwake na hasara inayofuata.

Hapa kwetu sheria ya EWURA imefuata njia nyingine: imeunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, liwasemee wananchi wote. Siioni njia hiyo kuwa duni. Lakini baraza la namna hiyo, popote lilipo, hapana budi liulizwe kila mwaka wa bajeti: je, fungu lililotengwa latosha kumwajiri mhasibu wa kukaa meza moja na mhasibu wa mwombaji?